Mwasisi Hakai Chini

Saa nne kasorobo, siku ya Jumanne, Bi Rula alimaliza kusugua kola ya koti la Mwasisi kwa msasa laini, akapuliza vumbi la plasta, akarudi nyuma hatua tatu na kufumba jicho moja. Mfano ulikuwa na urefu wa sentimita arobaini na tano, moja ya kumi ya sanamu yenyewe itakayosimama uwanjani, na kwa mara ya kwanza katika wiki sita hakuona kasoro. Akaenda kunawa mikono kwenye sinki la mwisho wa ukumbi, lile ambalo bomba lake halitoi maji mpaka ulipige kofi. Aliporudi, meza ilikuwa tupu. Mwasisi alikuwa darini, kichwa kimegota kwenye ubao, mkono wa kulia umenyooka kuelekea choo cha wanaume.

Bi Rula alizima feni kwanza, maana mapanga yake yalikuwa yanapita karibu na ule mkono.

Mhandisi wa idara, ambaye chumba chake kilikuwa ukuta kwa ukuta na chake, aliingia kuazima kifutio. Akatazama juu.

"Mfano umepaa lini?"

"Nilipokuwa nanawa."

"Uliufunga?"

"Nani hufunga mfano wa plasta?"

"Basi ndiyo ujue," alisema Mhandisi, akaenda kuleta ngazi.

Waliuteremsha kwa fimbo ya pazia, wakaufunga kiunoni kwa waya wa simu iliyokufa, na ncha ya pili wakaizungushia kwenye mpini wa droo. Mwasisi akabaki anaelea juu ya meza, akiyumba kidogo kila mlango ulipofunguliwa. Mhandisi akachukua kifutio chake akaenda zake.

Bi Rula alikuwa mbunifu katika Idara ya Majengo ya Umma kwa miaka ishirini na miwili. Jina alipewa kwa sababu ya rula ya chuma aliyozoea kuichomeka nyweleni. Kazi yake ilikuwa kubuni vitu ambavyo watu huvitumia bila kuvitazama: vibanda vya kusubiria basi, vyoo vya soko, na chemchemi moja ya mapambo mbele ya posta ambayo haijapata kuona tone la maji. Kwa hiyo barua ya Kamati ya Mnara ilipofika, ikimtaka abuni sanamu ya Mwasisi kwa ajili ya miaka hamsini ya uhuru, aliisoma mara nne akiwa amesimama, akaenda nayo nyumbani, akamsomea mumewe mara ya tano.

Barua ilikuwa na sharti moja. Sanamu ifuate picha.

Picha hiyo kila mtu aliijua. Ilikuwa kwenye jalada la kitabu cha historia, kwenye stempu, na ukutani katika kila ofisi ya umma, juu kidogo ya kalenda. Ilimwonyesha Mwasisi siku ya uhuru, amesimama wima juu ya umati, mkono mbele, na chini kabisa, usawa wa miguu yake, kofia za watu na viganja vilivyoinuliwa. Picha iliishia palepale kwenye soli za viatu. Katikati ya viatu viwili palikuwa na doa jeupe. Bi Rula aliuliza, kwa barua, lile doa ni nini. Alijibiwa, kwa barua, kwamba ni vumbi la furaha.

Akachonga alichokiona. Vumbi akaliacha.

Mfano wa pili aliutengeneza kwa udongo, nao ukapaa. Wa tatu ulikuwa wa risasi iliyoyeyushwa kutoka mabomba ya zamani. Ulimponyoka Mhandisi mikononi ukamchubua kidevu. Wa nne wa saruji tupu ulitoboa dari. Kadiri walivyoongeza uzito ndivyo Mwasisi alivyozidi kuwa na haraka ya kwenda juu, na Mhandisi, ambaye alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu na hajaonekana akitabasamu tangu ajiriwe, akaanza kupiga mluzi ukumbini.

"Miaka thelathini na nne napiga hesabu za vitu kuanguka," alimwambia Bi Rula. "Sasa pale pa kutoa naweka kujumlisha. Nimekuwa kijana."

Jengo zima lilichangamka. Saa ya chai watu wa masjala walikuja na vikombe vyao kumtazama Mwasisi akielea, na mmoja wao, mama mwenye akili ya haraka, akakumbuka kwamba lifti ilikufa miaka tisa iliyopita. Wakaufunga ule mfano wa saruji kapu, wakauachia kwenye uwazi wa ngazi, ukapandisha faili mpaka ghorofa ya nne kwa pumzi moja. Kuushusha ilitosha kuvuta kamba. Wiki hiyo faili zilifika kwa wakati, wananchi wakajibiwa barua zao, na wawili kati yao wakarudi kuuliza kama kuna tatizo.

Mwenyekiti wa Kamati ya Mnara, mzee mnene mwenye sauti ya taarifa ya habari, aliletewa habari kwa maandishi. Kumbukumbu za kikao zilisomeka: "Kikao kiliarifiwa kuwa mfano unapaa. Kikao kilipokea." Kisha kwa mdomo akaongeza kwamba ni sifa njema. "Mwasisi hakai chini," alisema. "Hiyo iandikwe."

Aliyelalamika alikuwa mmoja tu. Mama Usafi alikuwa amefagia na kupiga deki jengo lile kwa miaka thelathini na mmoja, kama kibarua wa kutwa, na kwa kuwa kibarua hana umri wa kustaafu, alikuwa bado anafagia akiwa na miaka sabini na tatu. Asubuhi moja alisimama mlangoni kwa Bi Rula na ndoo yake.

"Mwanangu, huyo mtu wako ananimwagia unga. Nikipangusa, anajisugua darini, anamwaga tena."

"Nisamehe, mama. Tunatafuta namna ya kumtuliza."

"Hatatulia." Mama Usafi alikamua dekio mpaka tone la mwisho. "Hamjamweka aliyembeba."

"Nani alimbeba?"

"Mume wangu."

Bi Rula akamvutia kiti. Mama Usafi akasema akikaa sasa hivi sakafu itakauka na mistari, na mistari hawezi kuivumilia. Alimaliza ukumbi wote, akasimamisha ndoo ukutani, akapangusa mikono kwa gauni, ndipo akaja kukaa.

Mumewe alikuwa mchukuzi wa stesheni, na stesheni nzima ilimwita Mabega. Siku ya uhuru jukwaa lilikuwa halijaisha kujengwa, na Mwasisi, alieleza Mama Usafi, alikuwa mfupi.

"Mfupi kweli, mwanangu, hilo hawaandiki. Watu wa nyuma wanapiga kelele, hatumwoni, hatumwoni! Mume wangu akachuchumaa palepale, akamwambia, panda ndugu. Akapanda na viatu vyake, mguu huku, mguu huku, kichwa cha mume wangu katikati. Hotuba nzima. Saa mbili na dakika kumi. Mimi nilikuwa pembeni nashika kofia yake."

"Hakuchoka?"

"Alisema yule bwana alikuwa mwepesi. Kilichokuwa kizito ni hotuba."

Wote wawili wakacheka, na Mwasisi juu ya meza akayumba kwa upepo wa vicheko vyao.

Mwaka wa pili wa uhuru, wachukuzi wa stesheni waliomba gunia lisizidi kilo tisini. Mabega alipanda juu ya kasha akasema kwamba yeye alimbeba Mwasisi mzima mzima, sasa ni zamu ya Mwasisi kumbebea neno moja. Walikuja kumchukua kabla hajashuka. Alikaa ndani miaka tisa bila kusomewa shtaka. Katika miaka hiyo mtu mmoja mwenye wembe alikikwangua kichwa chake kwenye picha, na picha yenyewe ikakatwa kwenye soli. Aliporudi nyumbani alikuwa hana mabega.

"Hayakuwapo," alisema Mama Usafi, kwa sauti ileile aliyotumia kulalamikia sabuni mbovu. "Shati lilikuwa linamteleza mpaka kiunoni. Nilikuwa namfunga kwa pini hapa shingoni, likae. Aliishi miezi mitano."

Kesho yake alikuja na koti la kaki ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuwahi kulifua. Kwenye kila bega palikuwa na alama ya soli, kiwi cheusi kilichoingia ndani ya nyuzi, kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje. Bi Rula alikwenda Nyumba ya Kumbukumbu akaomba viatu vya Mwasisi kwa ajili ya vipimo, akasaini daftari, akapewa. Mule kabatini walikuwa wamevifunga kwa uzi visigonge kioo cha juu. Alipoviweka juu ya alama za lile koti, kisigino kilicholika kikakaa penye kisigino kilicholika, na viatu vikatulia. Bi Rula alikata uzi. Havikwenda popote.

Alifanya kazi siku nne bila kwenda chai. Mama Usafi alikuwa akipita na fagio, anatupa jicho, anasahihisha.

"Sikio la kulia lilikuwa limekunjika. Gunia la chumvi lilimwangukia."

"Hivi?"

"Zaidi. Na asitabasamu. Watu wakipiga picha alikuwa anakunja uso kama anadaiwa."

Mchana wa siku ya nne, Bi Rula alimpandisha Mwasisi kwenye mabega ya mchukuzi, akafungua waya wa simu. Meza ikalia. Miguu yake miwili ya mbele ikapiga magoti, mfano ukateleza mpaka ukingoni, ukasimama hapo, mzito, umetulia kama mtu aliyefika kwake. Mama Usafi aliinama akautazama uso wenye mikunjo, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mtazame! Ndivyo alivyokuwa nikimtuma maji!"

Bi Rula naye alishikwa, akacheka mpaka rula ikamdondoka nywele zikamfunguka. Mhandisi aliyekuja kuangalia kelele aliupima mfano kwenye mizani ya posta. "Watu wawili," alisema. "Kamili." Akaonekana kusikitika kidogo, kisha na yeye akacheka, bila kujua anachekea nini.

"Mimi sitaki makubwa," alisema Mama Usafi baadaye, akipangusa macho kwa kona ya kanga. "Liandikwe jina lake tu. Lile la kuzaliwa. Mabega ni la stesheni."

Akalitaja, herufi kwa herufi, na Bi Rula akaliandika kwa penseli pembeni mwa mchoro. Akamwahidi.

Jioni alimsimulia mumewe, ambaye alikuwa mwalimu wa historia wa darasa la tano, mezani kati ya marundo mawili ya madaftari. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho bila kuweka kalamu chini.

"Mtaala unaishia kwenye soli, mke wangu."

"Na wewe unaishia wapi?"

Mwalimu akasahihisha daftari moja, akasahihisha la pili, akampa mwanafunzi wa tatu alama ambayo hakustahili.

"Alikuwa mrefu kiasi gani?" akauliza.

"Nimepima kwa koti na kwa kumbukumbu za mkewe. Kutoka chini mpaka mabegani, mita moja na sentimita sitini na nane."

"Pandikizi la mtu," alisema Mwalimu, akaendelea kusahihisha.

Kamati ilikaa Ijumaa. Wajumbe walikuwa tisa, na biskuti zilikuwa sahani mbili. Mwenyekiti aliuzunguka mfano mara mbili, akausukuma kwa kidole, ukagoma kusogea, akafurahi.

"Umetulia! Hongera sana, Bi Rula. Na huyu wa chini ni nani? Mwananchi?"

Bi Rula akaeleza. Alieleza yote: jukwaa, koti, viatu, kasha, miaka tisa, wembe. Alipomaliza, kilichosikika ni mjumbe mmoja kumalizia biskuti iliyokuwa tayari mdomoni.

"Sasa," alisema Mwenyekiti kwa upole, "wewe ni mtu mwenye akili. Mwasisi alilibeba taifa hili. Leo, mbele ya mabalozi, tuseme alikuwa amebebwa?"

"Alibebwa, mzee. Alama zipo."

"Sikubishii kama ilitokea. Nakuuliza kama tunasema."

Mjumbe mmoja alipendekeza mchukuzi abadilishwe awe simba. Mwingine akaona mwamba ungefaa zaidi, maana simba ana macho. Mwenyekiti akamgeukia Mhandisi.

"Bila huyu wa chini, sanamu inaweza kuzuiwa?"

Mhandisi alitazama dirishani. "Kwa kamba nane za chuma, mzee. Na nanga za zege."

"Ndefu kiasi gani?"

"Zozote mnazotaka."

"Mita thelathini!" alisema Mwenyekiti, na uso wake ukang'aa. "Siku ya uzinduzi tunamwachia, anapaa mbele ya umati, anaonekana kutoka kila kona ya mji. Kuna nchi gani nyingine yenye sanamu inayopaa?"

Kamati ikapiga makofi. Hata mjumbe wa simba alipiga.

"Mchoro huo sitausaini," alisema Bi Rula.

"Si lazima. Mhandisi atasaini."

Mhandisi aliomba kalamu, ingawa ya kwake ilikuwa mfukoni inaonekana. Akasaini. Hakumtazama mtu.

Bi Rula aliteremka ngazi akiwa amekumbatia mchukuzi wa plasta, ambaye sasa alikuwa peke yake na alikuwa mzito kupita kiasi. Ghorofa ya tatu alitamani kulia. Ghorofa ya pili mfano wa saruji ulimpita ukipandisha faili, kapu likamgusa bega, na hasira ikageuka kicheko, kile cha msibani ambacho mtu hukificha kwa kikohozi. Kwani mchoro aliosaini Mhandisi aliujua vizuri, ulikuwa mkono wake yeye Bi Rula. Ulionyesha sanamu kwa mbele, kwa nyuma, kwa kushoto, kwa kulia na kwa juu. Hakuna mtu duniani anayechora sanamu kwa chini.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilikuwa nyuma ya soko la vyuma. Fundi mkuu wa pale, mzee asiyesikia sikio moja, alikuwa tayari ameshamwaga shaba na kuvunja kalibu; Mwasisi alikuwa amelazwa chali, mita nne na nusu, kafungwa minyororo kwenye reli za sakafuni.

"Unataka kuandika wapi?" aliuliza Fundi, akimpa Bi Rula lile sikio zima.

"Chini ya soli."

"Chini ya soli nani atasoma? Sanamu ikishakaa juu ya zege lake..."

"Fundi, sanamu hii inapaa."

Fundi alifikiri. "Ah," alisema, akampa tindo, akaenda kutafuta nyundo yenye mpini mzuri.

Bi Rula alichonga mchana kutwa. Herufi zilikuwa na urefu wa kiganja, nusu ya jina soli ya kushoto, nusu ya kulia. Kila alipomaliza herufi moja, mnyororo mmoja ulilegea kidogo, lakini kiwanda kilikuwa na kelele na yeye alikuwa ameinamia kazi.

Dereva wa lori aliyempeleka Mwasisi uwanjani alifika akinung'unika. Alisema gari likiwa tupu linashika barabara, lakini likiwa limepakia linaruka tu, kona zote amekata kwa magurudumu mawili. Kwenye mizani ya malori karani alisoma uzito wa gari na mzigo, akakuta ni pungufu ya gari lenyewe, akagonga muhuri kwamba mzigo hauzidi kiwango.

Siku ya uzinduzi jua lilikuwa kali na bendi ilikuwa na tarumbeta mpya. Mwasisi alisimama juu ya jukwaa la zege, amefunikwa kitambaa cha bluu, amefungwa chini kwa vishikizo vinne, na zile kamba nane ndefu zimekunjwa pembeni zikisubiri mita zao thelathini. Watu walijaa hadi juu ya kuta. Waliambiwa watazame angani, na wengi walikuja na miamvuli, mmoja na darubini. Waziri alishika kamba ya kitambaa. Mwenyekiti akampungia Mhandisi, Mhandisi akavuta wenzo.

Vishikizo vikaachia. Mwasisi akanyanyuka, kitambaa kikanyanyuka naye, na Waziri, ambaye alikuwa ameizungusha kamba mara mbili kwenye kiganja, akanyanyuka pia. Umati ukashangilia. Bendi ikaongeza kasi. Mama mmoja aliyekuwa mbele alirusha kofia ya mumewe, kisha kila mtu akarusha kofia iliyokuwa karibu, na kwa muda kulikuwa na kofia nyingi hewani kuliko vichwani. Watu walijisikia wepesi. Wazee wawili waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba walishikana mikono wakarukaruka.

Kisha Mwasisi akasimama. Hakufika hata usawa wa taa za barabarani. Kamba nane zikabaki zimelegea kama za kuanikia nguo. Waziri, miguu inaning'inia, alisubiri kidogo, akaona hapandi wala hashuki, akafungua karatasi kwa mkono uliobaki na kusoma hotuba yake kutoka hapohapo. Ilikuwa nzuri, na wa nyuma wote walimwona.

"Mbona imegoma?" Mwenyekiti alimnong'oneza Mhandisi.

"Imefika, mzee."

Mhandisi alikuwa ameshapima. Aliingia chini ya sanamu na utepe wake, akausimamisha kutoka zege hadi soli, akasoma mita moja na sentimita sitini na nane, akainua macho. Akasoma na kilichoandikwa. Akaukunja utepe polepole, akapita katikati ya watu mpaka alipokuwa amesimama Bi Rula, akamwambia, "Nilitakiwa nisaini ule mwingine." Halafu akaenda kumsaidia Waziri kushuka.

Hotuba zilipoisha, Bi Rula alimshika Mama Usafi mkono wakapanda lile jukwaa. Nafasi ile ilimfika mtu mrefu mabegani; vikongwe na wenye vimo vya kawaida walisimama bila kuinama. Mama Usafi aliinua uso. Hakujua kusoma sana, lakini jina lile alilijua. Alilitazama kushoto, akalitazama kulia, akainua mkono kama anayetaka kugusa, akaishia kunyoosha hewa iliyokuwa chini ya soli, pale ambapo lingekuwa sikio lililokunjika.

"Anakunja uso," alisema.

Watu wengine nao walipanda. Bwana mmoja mwenye tai alisoma jina lile kwa sauti, akarudia.

"Hivi ni viatu vya kampuni gani?"

"Vya nje hivyo. Mwasisi alikuwa anavaa vya nje."

"Hapana, jina ni la kwetu hilo. Kiwanda cha kwetu."

"Ona vilivyodumu," alisema wa tatu. "Miaka hamsini."

Bi Rula alieleza. Alimweleza yule wa tai, akamweleza wa pili, na alisimama pale mpaka alasiri akiwaeleza waliokuja, naye Mama Usafi akithibitisha kwa kichwa. Watu walisikiliza kwa adabu. Walisema pole, mama. Kisha wakateremka, na yule wa tai akasikika akimwambia mkewe kwamba ni vizuri fundi viatu kukumbukwa.

Mwezi haukuisha, sokoni kukawa na kandambili na viatu vya mpira vyenye jina lile limekatwa kwenye soli, nusu kushoto, nusu kulia. Tangazo la redio lilisema: "Vilimbeba Mwasisi, vitakubeba na wewe." Viliuzika sana. Vilikuwa imara kweli. Kwenye bamba la shaba pale uwanjani yaliandikwa majina ya Waziri, Mwenyekiti, wajumbe tisa na Mhandisi. Toleo jipya la kitabu cha historia lilitoka na picha ya sanamu kwenye jalada, na Mwalimu alikuja nalo nyumbani, akaliweka mezani mbele ya mkewe. Picha ilikuwa safi, ya rangi. Iliishia kwenye soli. Siku hiyohiyo darasani, mtoto mmoja alikuwa ameuliza Mwasisi amesimama juu ya nini, na Mwalimu, baada ya kutazama mlango, alikuwa amejibu. Alitaja jina. Darasa zima likainua miguu kuangalia.

Bi Rula alirudishiwa vibanda vya basi. Mara mbili aliandika barua kwa Kamati, mara mbili akajibiwa kwamba Kamati imeshavunjwa.

Jumatatu moja, kabla ya saa mbili, alifika kazini akakuta ukumbi wa ghorofa ya kwanza umeloa, unang'aa. Mama Usafi alikuwa mwisho kabisa, amevaa viatu vipya vya mpira vyeusi.

"Angalau wanalitamka sawasawa," alisema.

Kisha akachovya miguu kwenye ndoo, mmoja baada ya mwingine, akaanza kutembea kwenye upande alioukausha. Alitembea taratibu, hatua fupi fupi, kutoka mlango wa masjala mpaka kwenye ngazi, akageuka, akachovya tena, akarudi. Kila alipokanyaga, jina la mumewe lilibaki sakafuni kwa maji. Herufi zilitoka kinyume, lakini Bi Rula alikuwa amesoma michoro kwa nyuma ya karatasi maisha yake yote, na hazikumsumbua. Alisimama mlangoni kwake akasoma ukumbi mzima.

Mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati nyingine, alitokea ngazini.

"Mama, sakafu ina maji."

"Ndiyo, mzee. Yanakauka sasa hivi."

Mwenyekiti alipandisha suruali kidogo isilowe, akapita juu ya herufi kwa uangalifu, akaingia ofisini. Mama Usafi akafungua madirisha, kwanza ya upande wa mashariki, halafu ya upande wa pili. Kufika saa mbili na nusu sakafu yote ilikuwa kavu, haina hata mstari.